Picha ya Kwanza ya Kila Mkanda

Watu wa mtaa wa maghala walimwita Endelea, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu wa kawaida akiona kamera hufunga kifungo cha shati, akanyoosha mgongo, akakodoa macho kama anayesomewa hukumu. Watu wa namna hiyo Endelea alikuwa nao kutwa nzima. Studio yake, chumba kimoja nyuma ya posta, ilikuwa ya picha za pasi, za vitambulisho na za maombi ya kazi, na humo ndani hakuna aliyecheka wala kukuna pua. Akitoka nje alitaka watu wanaoishi. Fundi akisimamisha nyundo hewani ili atoke vizuri, yeye humwambia, "Endelea, endelea, mimi sipo." Alisema hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Studio ilikuwa ya kujaza tumbo. Mtaani alikwenda kwa mapenzi, na mapenzi hayo mkewe hakuyaacha yapite bila maneno. Mama huyo alikuwa mcheshi, ulimi hauna breki, na wageni wakija alipenda kuwaeleza kwamba mumewe ndiye mtu pekee mjini anayelipa ili afanye kazi: ananunua mkanda, ananunua dawa za kusafishia, anajifungia gizani, anachapa picha, halafu anaipeleka bure kwa mwenye sura. Wageni walicheka, Endelea akacheka nao, na kesho yake kamera ilikuwa begani tena.

Mtaa wenyewe haukuwa na cha kumvutia mgeni. Upande mmoja kulikuwa na ghala refu lenye ukuta wa bluu uliobambuka rangi. Mbele yake njia pana ya waenda kwa miguu, na juu ya njia hiyo watu na biashara zao: muuza vitabu vilivyotumika, mtia zipu, mkata funguo, muuza betri. Wawili kati yao walikuwa wa karibu zaidi na Endelea. Wa kwanza ni fundi viatu aliyeitwa Kisigino, rafiki yake wa kutaniana, mtu wa vidole vinene vya gundi na maneno machache. Wa pili ni Mama Birika, muuza chai, ambaye alizijua habari za kila ofisi ya jirani kabla wenye ofisi hawajazijua. Hawa wawili walikaa pale tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

Mwenye ghala, ambaye sasa ni marehemu, aliwavumilia kwa sharti moja. Jioni kila mtu aondoke na chake na njia ifagiliwe, ili malori yanayokuja kupakua mizigo yasikute hata kigoda. Basi Kisigino alipakia sanduku lake kwenye baiskeli, Mama Birika akajitwisha jiko na birika zake, wakafagia, wakaenda zao. Walijivunia usafi huo. Ungepita pale asubuhi mapema usingejua kama kuna binadamu amewahi kukaa.

Na asubuhi mapema ndiyo saa ya Endelea. Alifika kabla yao, akakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa ng'ambo ya barabara, akatia mkanda mpya kwenye kamera, maana mambo ya kamera za kisasa alikuwa hayataki kabisa. Sasa, wapiga picha wa zamani wanajua kwamba mwanzo wa mkanda hauaminiki. Pengine umekwisha kuona mwanga wakati wa kuuvuta, kwa hiyo picha ya kwanza ni ya kupoteza. Wengine huipiga chini, wengine angani. Yeye aliielekeza kamera kwenye ukuta wa bluu uliokuwa mbele yake, akabonyeza, akausogeza mkanda, akangoja watu. Kila mkanda, miaka yote, ulianza hivyo hivyo: ukuta mtupu, njia imefagiliwa, hakuna mtu.

Siku zisizo za shule alikwenda na binti yake wa kwanza. Mtoto alikuwa analilia kamera, na baba akaona picha ya kupoteza haina hasara, basi ikawa ni ya binti. Alibonyeza huku ncha ya ulimi imemtoka kando ya mdomo. Kamera ilimzidi uzito, kwa hiyo picha zake zote ziliinama kidogo upande wa kushoto. Kisigino akifika alimkalisha juu ya sanduku la viatu, na Mama Birika akampa kikombe cha kwanza cha siku. Viatu vyake vya shule vilitiwa soli pale pale, darasa baada ya darasa, na Kisigino hakutaka kusikia habari ya malipo.

Watu wakishakaa, Endelea alisogea. Kupiga picha kwa mbali alikuona ni upelelezi. Aliomba ruhusa kwa nyusi, akapiga magoti, akasogea mpaka sura ikajaa picha yote: jicho la Kisigino likitafuta tundu la sindano, mvuke wa birika kwenye kidevu cha Mama Birika, kicheko cha mkata funguo chenye pengo. Nyuma yao huoni kitu, ukungu tu. Alipoulizwa kwa nini haonyeshi mtaa, alijibu kwamba mtaa ni hao hao.

Binti akasoma, akasoma tena, na ni picha za pasi zilizomsomesha. Akapata kazi ofisi ya jiji, idara ya mipango. Baba mtu akawa hamwachi mteja aondoke bila kumdokezea kwamba yule dada wa mipango ni wake. Muda si mrefu jiji likatangaza kwamba barabara ya maghala itapanuliwa na wafanyabiashara wa njiani wataondolewa. Waliokaa pale muda mrefu watapewa vibanda katika soko jipya. Waliokuja juzijuzi watajijua wenyewe. Mtaani hakuna aliyekosa usingizi. Kisigino alisema kama yeye ni mgeni basi hata ghala ni geni, na watu wakaanza kubishana nani atapata kibanda cha karibu na mlango.

Jumapili moja binti alikuja nyumbani na keki ya dukani na maneno matamu. Alieleza kwamba ofisi itafanya mkutano mkubwa na wananchi katika ukumbi wa jiji, na wanataka kuta za ukumbi ziwe na picha za mtaa wa maghala, za tangu zamani. Ameshaongea na mkuu wake. Hakuna mwenye picha hizo ila baba.

"Nipe mikanda yote, usichague," alimwambia. "Tutachagua sisi. Na jina lako litaandikwa chini ya kila picha."

Maskini Endelea, alivikwa kilemba cha ukoka na binti wa kumzaa, naye akainamisha kichwa kipimwe vizuri. Miaka yote hiyo hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza anafanya nini na kamera yake asubuhi. Aliteremsha makopo yote ya mikanda iliyosafishwa, kila kopo na mwaka wake juu, akayafuta vumbi, akayapanga kwenye begi la nguo, akamsindikiza binti mpaka kituoni akiwa amelibeba mwenyewe. Aliporudi, mkewe alimuuliza kwa nini hakubakiza hata kopo moja. Akamjibu kwamba mtoto si mtu baki.

Kesho yake alipita mtaani akimwambia kila mmoja kwamba wataning'inizwa ukumbini, wakubwa kuliko walivyo. Mama Birika alitaka kujua kama ile picha ambayo kitambaa kimemteleza kichwani itakuwemo, kwa sababu kama imo haendi. Alikwenda. Walikwenda wote. Siku ya mkutano walifunga biashara, wakavaa nguo za kutokea, na Kisigino, aliyejifanya mambo ya picha hayamhusu, alitokea na koti ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Endelea alitembea katikati yao kama bwana harusi.

Kweli picha zilikuwa kubwa. Zilijaza ukuta mzima, kutoka mwaka wa zamani mpaka wa karibuni, na chini ya kila moja kuna jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho. Lakini Mama Birika hakuwemo. Kisigino hakuwemo. Zote zilikuwa za ukuta wa bluu na njia iliyofagiliwa. Mwaka huu hakuna mtu, mwaka ule hakuna mtu, mwaka mwingine hakuna mtu. Endelea aligeuka kutazama upande wa pili wa ukumbi, labda watu wamewekwa kule, na kule kulikuwa na madirisha tu.

Mkuu wa mipango, bwana mmoja mwenye sauti ya upole, alisimama akawakaribisha. Alisema wengi wanadai kwamba wamekaa njia ile miaka mingi, na ofisi haikutaka kuamua kwa kukisia. Kwa hiyo imetafuta ushahidi kwa raia aliyeupiga picha mtaa ule kwa muda mrefu, mtu asiyetaka kibanda wala nini. Picha ndizo hizi, kila mtu anaziona. Mtaa ulikuwa mtupu mpaka juzijuzi, hivyo wafanyabiashara wa pale watahesabiwa kuwa wageni, na vibanda vitapewa wengine.

Kisha vichwa vikaanza kugeuka, na havikugeuka kumtazama mkuu. Vilimtazama Endelea. Alisimama, na maneno yakamkimbia yote kwa pamoja. Alieleza habari za mwanzo wa mkanda, za mwanga, za picha ya kupoteza, akairudia, akaikoroga, mpaka yeye mwenyewe akajisikia anaongea upuuzi. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, bila haraka.

"Mzee, picha hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Kuna kitu kimefutwa ndani yake?"

"Hakuna. Lakini zilipigwa asubuhi mapema, kabla watu hawajafika."

"Nani anayejua hilo, mbali na hawa wanaotaka vibanda?"

Hapo Endelea alishusha pumzi. Alikaribia kucheka. Anayejua alikuwa amekaa meza hiyo hiyo ya mkuu, kalamu mkononi, na picha ya tatu kutoka mlangoni ilikuwa imeinama kushoto, na ya nne vile vile. Alimwita kwa jina la nyumbani, maana amerithi jina la bibi yake mzaa baba, na tangu azaliwe baba hakuwahi kumwita vingine.

"Mama, waambie. Ulikuwa unakuja na mimi. Nyingine kati ya hizi umezipiga wewe."

Binti alitazama karatasi zake. Mkuu akamgeukia, akamuuliza kama ni kweli.

"Hapana," alisema. "Sikuwahi kwenda naye. Sijui alikuwa anapiga saa ngapi."

Alimruka kimanga, mchana kweupe, mbele ya watu waliomkalisha kwenye sanduku na kumpa chai. Kisigino aliinuka nusu, mdomo wazi, kisha akakaa tena. Alimjua binti yule toka mguu wake ukiingia kwenye kiganja, lakini yeye ni miongoni mwa wanaotaka kibanda, na neno lake limekwisha kutupwa nje kabla halijatoka. Endelea alibaki amesimama. Aliumia vibaya sana. Waliosema baadaye kwamba alikuwa sehemu ya mpango hawakumtazama uso saa ile.

Ila watu waliokuwa wakipoteza riziki hawakuwa na muda wa kusoma nyuso. Walitoka pamoja, bila matusi, naye akawafuata nyuma. Hakuna aliyempunguzia mwendo. Walipofika njia panda Mama Birika aligeuka mara moja tu.

"Wewe na mwanao mngetuambia mapema," alisema. "Tusingejisumbua kuvaa."

Binti alifika nyumbani siku ya pili, na begi la makopo. Mama yake alimfungulia mlango, akamwekea kiti, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuwa na utani wowote. Alikwenda kusimama dirishani akawapa mgongo. Binti alianza kueleza. Mkuu alikuwa na vibanda vichache kuliko watu, na wengine walikuwa wameshaahidiwa. Akauliza kama kuna picha za zamani za mtaa ule. Yeye akasema zipo. Basi. Mengine yalifanywa na wakubwa wake.

"Mikanda ina watu mamia," Endelea alisema. "Nani aliyemwambia achukue picha ya kwanza ya kila mkanda?"

Binti alifungua zipu ya begi, akaifunga tena. Baba yake alingoja.

"Mimi," alisema.

Hilo ndilo lililomkata maini. Mkuu asingejua. Hakuna mtu katika ofisi nzima ambaye angejua kwamba kila mkanda unaanza na njia tupu. Ujuzi ule aliufundishwa mtoto mmoja tu duniani, ng'ambo ya barabara, asubuhi za likizo, kwa mapenzi, na mtoto huyo akaenda nao ofisini akaufanyia kazi. Endelea alitamani asikie kwamba alilazimishwa, kwamba alilia, hata kama ni uongo. Hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kwamba nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa wazi na kwamba nafasi hizo hazingoji mtu.

Akajishusha. Mzee wa watu alimbembeleza mtoto wake. Alisema pingamizi bado zinapokelewa mpaka mwisho wa mwezi, aende tu aseme alichanganyikiwa, watu husahau, atasamehewa. Binti alitikisa kichwa. Akisema alidanganya mbele ya mkutano, kazi itaota mbawa, na hakuna ofisi nyingine itakayomchukua.

"Na wao?" baba aliuliza.

"Wao watapata mahali pengine, baba. Watu wale wameshazoea kuhamahama."

Mama mtu aligeuka kutoka dirishani. Alimwambia binti yake kwamba chakula hakijaiva na pengine amechelewa kurudi kwake. Binti alielewa, akabeba mkoba wake. Endelea hakumsindikiza.

Wiki zilizofuata alifungua studio saa mbili tatu tu kwa siku. Muda wake aliumalizia juu ya meza ya kioo yenye taa chini, akipitisha mikanda, kipande kwa kipande, akitafuta picha moja. Alitaka moja tu: Kisigino au yeyote yule akiwa mbele ya ukuta wa bluu. Alipata macho. Alipata vidole, soli, mvuke, pengo la mkata funguo kwa miaka kumi mfululizo likizidi kupanuka. Ukuta hakuupata. Alisogea mno. Kila alipopaswa kurudi hatua mbili nyuma alipiga magoti akasogea mbele, na sasa alijichukia kwa jambo ambalo maisha yote alilionea fahari.

Hata hivyo alikwenda. Alivaa suti aliyoolea, akabeba kopo moja la kila mwaka, akapanda ngazi za ofisi ya jiji, na kwenye korido alipishana na binti yake aliyejifanya anatafuta kitu kwenye faili. Mkuu alimpokea vizuri. Endelea alinyoosha kipande cha mkanda mbele ya dirisha, akamwonyesha: hii ya kwanza ni ukuta, na hii inayofuata, kwenye mkanda huo huo, ni fundi viatu. Mkuu aliinama, akatazama kwa makini, na nadhani alitazama kwa haki.

"Ukuta nauona," alisema. "Na huyu bwana namwona. Lakini huyu yuko wapi hapa, mzee? Anaweza kuwa popote. Na kati ya picha ya kwanza na ya pili inaweza kupita saa moja, inaweza kupita mwezi."

"Inapita nusu saa. Natia mkanda, nangoja, wanafika."

"Hilo unalisema wewe."

"Na binti yangu analijua."

"Binti yako amesema hajui," mkuu alijibu, na akamfungulia mlango kwa heshima zote.

Mwisho wa mwezi ulipita na uamuzi ukabandikwa. Kati ya watu wa njia ile, aliyepata kibanda ni muuza betri, na sababu yake haikuwa picha, alikuwa na shemeji ofisini. Siku ya kuondolewa hakukuwa na vurugu, kwa kuwa watu wale walizoea kujipakia. Tofauti ni kwamba walijipakia asubuhi badala ya jioni. Endelea alikwenda bila kamera, ili wasidhani amekuja kuwavuna mara ya pili. Alimkuta Kisigino akifunga sanduku kwenye baiskeli kwa kamba ya mpira, akamshikia upande mmoja kamba isiteleze. Kisigino alimwachia ashike. Wakafunga pamoja mpaka fundo la mwisho.

Endelea alimuuliza anahamia wapi. Kisigino alikagua tairi, akapangusa tandiko.

"Ndugu yangu, mimi najua hukutuuza," alisema. "Najua kabisa. Lakini nikikwambia niliko utakuja, na ukija utamkuta mtu ana kiatu mkononi, na utataka kumpiga picha. Na mimi sitaweza tena." Akaiondoa baiskeli, akaisukuma kufuata barabara, na hakuacha hata jina la mtaa.

Ni hapo Endelea alipoelewa amepoteza nini. Mtu akikuchukia unaweza kumwendea, ukaapa, ukalia, mkayamaliza. Huyu hakumchukia. Alimsamehe na kumfungia mlango kwa pamoja. Mama Birika alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Kamera ilirudishwa kabatini, na mkewe, ambaye miaka yote aliisema vibaya, alijaribu kumshawishi aitoe, hata akajitolea kukaa mbele yake akimenya viazi. Akamwambia macho yanamsumbua. Hayakuwa yakimsumbua.

Barabara ilikuwa imekwisha kupanuliwa na magari yanapita pale ambapo sanduku la viatu lilikuwa, binti alipokuja studio. Ilikuwa siku ya kazi, mchana, na kwenye benchi walikuwepo wateja watatu. Amepata ile nafasi. Alihitaji picha ya kitambulisho kipya, na studio mjini ziko tele, lakini alitaka, alisema kwa sauti ya chini, apigwe na baba yake. Endelea alimwonyesha benchi. Binti alitabasamu kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akakaa nyuma ya mteja wa tatu akangoja zamu yake.

Zamu ilipofika alimkalisha kwenye kiti cha mzunguko mbele ya pazia jeupe. Akasogeza taa. Akamwambia anyanyue kidevu, ashushe bega la kulia, asitabasamu, nywele zisifunike masikio. Ni maneno anayomwambia kila mtu. Binti alitii yote, macho yameanza kujaa.

"Baba, sikuwa na njia nyingine," alisema.

"Usiongee. Sura inasogea."

Alibonyeza. Akaingia kwenye kona ya giza iliyozibwa kwa pazia, akasafisha, akachapa, akakausha, akakata kwa mkasi kingo nne kwa unyoofu ule ule anaowakatia wote, akatia picha kwenye bahasha ndogo. Binti alikuwa amesimama mbele ya kaunta na leso mkononi. Endelea aliiweka bahasha katikati yao, akataja bei.

Binti hakuelewa mara moja. Tangu azaliwe hakuwahi kulipia picha katika chumba kile, wala hakuwahi kumwona ndugu wa mbali akilipia. Alimtazama baba yake, akingoja apunge mkono, aseme toka hapa, wewe ni wa kulipa? Baba alingoja pia, kiganja juu ya kaunta. Wateja wapya waliokwisha kukaa kwenye benchi walitazama simu zao. Mwishowe binti alifungua mkoba, akatoa noti, akampa.

Endelea alihesabu chenji, akamrudishia yote. "Asante, dada, karibu tena," alisema. Kisha akachungulia juu ya bega la binti yake na kumwita anayefuata.